Mwambie Daktari Ukiwa Bado Umekaa

Mgonjwa anaingia, anasalimia, anakaa. Akiulizwa shida anasema kichwa, mgongo, uchovu, pengine anataja "yutiai". Anaandikiwa vipimo vya malaria na mkojo, anakwenda maabara, anarudi na majibu, anaandikiwa dawa, anashukuru. Akifika mlangoni, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa, anageuka: "Halafu dokta, kuna kitu kingine kidogo." Hicho kidogo ndicho kilichomtoa nyumbani alfajiri. Nje benchi limejaa, muuguzi ameshaita namba inayofuata, na daktari amebakiwa na dakika moja kwa jambo lililohitaji ishirini. Namwandikia mtu huyo, ili safari ijayo aseme lake akiwa bado amekaa.

Kinachoniuma ni kwamba tunaishi katika mji usionong'ona. Hapa Kariakoo, Dar es Salaam, kuanzia Msimbazi hadi Mtaa wa Kongo, kutoka Sikukuu hadi Mnazi Mmoja, bidhaa zinatangazwa kwa vipaza sauti vya betri, na miongoni mwa zinazotangazwa ni dawa za nguvu za kiume, vumbi la Kongo, mizizi ya kuchemsha na unga wa kurudisha ujana. Jioni mwanamume anakunywa supu ya pweza hadharani na kila apitaye anajua anaitafutia nini. Akina mama nao wanauziana shabu na dawa za kubana, wakielekezana matumizi bila kumung'unya maneno. Basi mambo ya chumbani yanazungumzwa Kariakoo mchana kutwa, ila yanazungumzwa na anayeuza. Tukifika mbele ya mtu aliyesomea mwili, mwenye maabara nyuma yake na kiapo cha kutunza siri, hapo ndipo koo zinapotukauka.

Wala si kweli kwamba mila zetu zilitufunga mdomo. Wazaramo, wenyeji wa Pwani hii, walimweka mwali ndani akafundwa, na kungwi hakuficha kitu. Zanzibar, Bi Kidude aliendelea kufunda wari wa unyago hadi uzeeni, na alipofariki Aprili 2013 watu walimlilia kama mwimbaji na kama mwalimu. Leo bibi harusi wa Ilala anafundwa kwenye "kitchen party", ukumbini, mbele ya mashoga zake. Aliyepotea zaidi katika mabadiliko haya ni mtoto wa kiume. Zamani jando lilimkata na kumfunza. Siku hizi anatahiriwa hospitalini akiwa mdogo, kidonda kinapona, na mafunzo hayafuati tena. Anayafuata mwenyewe kwenye simu, na simu humwonyesha miili na maajabu yasiyofanana na maisha ya mtu yeyote. Akifika miaka 25 na hofu yake ya kwanza, hana aliyewahi kumsikia akilitamka jambo hili kwa utulivu. Hata huyo mwali aliyefundwa vizuri alifundwa kuishi na mume. Kutambua ugonjwa wa mirija ya uzazi haikuwa kazi ya kungwi.

Daktari naye ni mtoto wa mji huu huu. Amelelewa na haya zile zile, na masomo yake kayapata kwa Kiingereza, kwa hiyo yanapofika mambo ya chini ya kitovu hata yeye huhangaika kupata neno la Kiswahili lisilo tusi wala fumbo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimeliona hilo. Watafiti wake, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wametengeneza na kujaribu mafunzo maalumu ya afya ya kujamiiana kwa wanafunzi wa udaktari, uuguzi na ukunga, ili wajifunze kuuliza na kusikiliza bila kutahayari. Nalitaja hili ili ujue jambo moja: ukimwona daktari anainamisha macho kwenye karatasi ulipotaja uume au uke, usidhani umemkosea adabu. Inawezekana ni haya zake mwenyewe. Ukiendelea kwa sauti ile ile, naye atatulia.

Iko pia shida ya shikamoo. Mzee wa zaidi ya miaka sitini anaingia chumbani, anakuta daktari ni binti wa rika la mwanawe wa mwisho. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Kuanzia hapo ameshakuwa baba, na baba hamwambii binti yake kwamba uume hausimami. Anaondoka na dawa ya mgongo. Ushauri wangu kwa wazee wetu ni kuipokea shikamoo kwa heshima yake, kisha kuivuka: "Mwanangu, leo nimekuja kama mgonjwa, na jambo langu ni la unyumba. Naomba unisikilize hivyo." Binti huyo amefundishwa kazi yake, na maneno hayo yanampa ruhusa aliyokuwa akiisubiri. Ikishindikana kabisa, omba daktari wa kiume. Na mwanamke anayetaka daktari wa kike aombe mapema pale mapokezi, kabla faili halijapelekwa chumbani. Siku asipokuwepo, unaweza kuomba muuguzi wa kike awemo wakati wa kukaguliwa. Wanaohofia kwamba dini inawakataza kuyasema haya wakumbuke kwamba Bibi Aisha, mke wa Mtume Muhammad, aliwasifu wanawake wa Ansari kwa sababu haya haikuwazuia kuuliza wajue dini yao, na waliyouliza yalikuwamo ya hedhi na ya janaba.

Sasa, useme nini? Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu wengi wanakwama kwenye sentensi ya kwanza. Iandae nyumbani. Itamke peke yako mara kadhaa hadi ulimi uizoee. Sentensi hiyo inahitaji mahali, siku na kilichotangulia. "Dokta, natokwa na usaha kwenye uume tangu Jumatatu, nikikojoa inachoma, na wiki iliyopita nililala na mwanamke bila kondomu." Imeisha. Kwa sekunde kumi daktari ameshajua aelekee wapi. Au: "Dokta, tendo la ndoa linaniuma. Linauma ndani kabisa, si mlangoni, na lilianza baada ya kujifungua." Au: "Nina kidonda kwenye mashavu ya uke, hakiumi, kina siku tano." Au: "Nawahi kumaliza, na ndoa yangu inayumba."

Linganisha na tunavyosema kawaida. "Naumwa huko chini." Huko chini kuna kibofu, kizazi, korodani, tezi dume, njia ya haja kubwa na nyonga. "Nina yutiai." Yutiai ni maambukizi ya njia ya mkojo, yapo kweli na yanatibika, lakini mjini jina hilo limekuwa shuka la kufunikia kila kitu kuanzia kisonono hadi fangasi. Ukipeleka simu kwa fundi wa Mtaa wa Aggrey na kumwambia kioo kimepasuka, wakati kilichokufa ni spika, atabadilisha kioo, utalipa, na simu itabaki bubu. Daktari anatibu alichoambiwa. Na kwa sababu vituo vyetu vingi vinatibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, bila kusubiri vipimo vikubwa, maelezo yako ndiyo kipimo cha kwanza. Usaha una dawa zake, kidonda kina zake, maumivu ya tumbo la chini kwa mwanamke yana zake. Ukificha dalili umeharibu kipimo.

Kama ulimi unagoma kabisa, andika. Fungua sehemu ya ujumbe kwenye simu, andika mistari mitatu, ukishakaa mpe daktari asome. Si utoto. Nimewashauri hivyo watu wazima wenye familia na imewafaa.

Yapo maswali utakayoulizwa ambayo yataonekana kama ya mahakamani: una wenza wangapi, mara ya mwisho lini, mlitumia kondomu, ni kwa njia gani. Daktari hakusanyi ushahidi. Kisonono na klamidia vinaweza kuishi kooni na kwenye njia ya haja kubwa bila kuonyesha dalili mbele, kwa hiyo kama uliguswa huko, kwa hiari au kwa kulazimishwa, hawezi kujua wapi pa kuchukulia kipimo usipomwambia. Idadi ya wenza inamsaidia kujua ni nani wengine wanahitaji dawa. Jibu kwa ukweli na kwa ufupi, na kama hujui, sema hujui. Mwanamke aende na tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Wote mbebe, au mpige picha, pakiti za dawa mlizokwisha kumeza.

Maana mara nyingi tumekwisha kumeza. Duka la dawa lipo hatua chache kutoka kibaruani, muuzaji haulizi mengi, na kijana anayefungua fremu saa mbili asubuhi na kufunga usiku haoni atapata wapi nusu siku ya foleni. Namwelewa. Lakini anachonunua ni azuma mbili, au sipro za siku tatu, au sindano anayochomwa nyuma ya pazia, mara nyingine akigawana vidonge nusu kwa nusu na mwenzake. Kisonono kimeshaizoea sipro katika sehemu kubwa ya dunia, na Afrika Mashariki imo. Usaha ukipungua anadhani amepona, kumbe dawa imewaua wadudu dhaifu na kuwaacha sugu. Kaswende ina hila kubwa zaidi. Kidonda chake cha kwanza kwa kawaida hakiumi, na hufunga chenyewe baada ya wiki chache hata usipotumia chochote, kwa hiyo dawa yoyote utakayopaka itaonekana imefanya kazi. Ugonjwa unabaki kwenye damu, unaweza kurudi kama vipele mwilini, na baada ya miaka ukafika kwenye moyo na ubongo. Kwa mjamzito unaweza kumuua mtoto tumboni. Tiba yake ya msingi ni penisilini ya sindano, dawa ya zamani na ya bei nafuu, na kipimo chake ni tone la damu.

Anayeona magonjwa haya ni mambo madogo ya ujana atazame kilichofanyika mkoani Mwanza kati ya 1991 na 1994. Watafiti walichukua jamii 12 za vijijini. Katika 6 kati yake waliboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya vya kawaida kabisa: wahudumu wakafundishwa, dawa zikapatikana, wananchi wakahimizwa kwenda mapema. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko katika jamii nyingine 6. Utafiti huo ulisomwa dunia nzima, na ulifanyika kwetu. Kidonda na uvimbe ni mlango wa VVU, na ulifungwa na tabibu wa kijijini aliyeambiwa ukweli na wagonjwa wake.

Kwa wanaume nina neno refu kidogo. Uume kushindwa kusimama ni jambo linalotangazwa kwa vipaza sauti vyote pale sokoni kana kwamba ni upungufu wa mizizi. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huanza kuziba mapema. Kwa mwanamume wa miaka arobaini au hamsini, kulegea huko kunaweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari, ya shinikizo la damu au ya ugonjwa wa moyo, miaka kadhaa kabla kifua hakijauma. Daktari aliyeambiwa atapima sukari, presha na mafuta kwenye damu. Atauliza kama uume husimama alfajiri ukiamka. Ukisimama alfajiri na kugoma usiku, huenda chanzo ni hofu, madeni, ugomvi wa nyumbani au sonona, na hayo pia yana msaada. Aliyenunua unga wa barabarani hakupimwa chochote. Zaidi ya hapo, katika nchi nyingi dawa za "asili" za aina hiyo zimekutwa zimechanganywa kimyakimya na sildenafili, dawa ya hospitali. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akiimeza bila kujua, presha yake inaweza kuporomoka akafa kitandani.

Kisha kuna hili, ambalo nawasihi wake wasome pamoja na waume zao. Baadhi ya dawa za presha huweza kupunguza nguvu za kiume. Mwanamume akigundua hilo hasemi kwa mtu. Anaacha dawa, anarudi kliniki mwezi ujao na kudai anazimeza, daktari anashangaa presha haishuki na kumwongezea kipimo, na siku moja anapata kiharusi akipakua mzigo. Sentensi moja ingemwokoa: "Dokta, tangu nianze vidonge hivi, uume hausimami vizuri." Zipo dawa nyingine za presha zisizo na tabia hiyo. Zinabadilishwa kila siku, kwa anayesema.

Hofu ya tezi dume nayo imewakimbiza wengi kwa sababu ya habari za kupimwa kwa kidole. Kuna kipimo cha damu cha PSA ambacho mara nyingi ndicho cha kuanzia, na kidole chenyewe ni jambo la sekunde chache. Aliyevuka miaka 50, au mwenye baba au kaka aliyeugua, na anayekojoa kwa kukatizwa, asingoje mkojo ufunge.

Akina mama, mengi yenu hayana sauti kabisa. Klamidia na kisonono kwa mwanamke mara nyingi havionyeshi dalili, na wakati huo vinapanda taratibu hadi kwenye mirija. Miaka baadaye nyumba nzima inaulizana kwa nini hapatikani mtoto, na lawama yote inamwangukia yeye. Kwa hiyo sababu ya kumwona daktari inaweza kuwa ni kujua tu kwamba mwenzako ana mtu mwingine. Sema hivyo hivyo: "Sina dalili, lakini simwamini mwenzangu, naomba nipimwe." Ute mweupe au wa kuvutika unaobadilika na siku za mwezi ni wa kawaida, hauhitaji dawa. Ukibadilika rangi, ukawa na harufu kali, ukawasha au ukaja na damu baada ya tendo, huo una jambo. Na mwambieni daktari mnachojiwekea: shabu, limau, sabuni, dawa za kubana. Uke una bakteria wake wazuri wanaoulinda, na vitu hivyo huwaua au huchubua ngozi. Wengi wanaotibiwa uchafu unaorudi kila mwezi hawajawahi kuulizwa wanaoshea nini, nao hawajawahi kusema.

Ukiwa hapo, ulizia uchunguzi wa shingo ya kizazi. Saratani hiyo inaongoza kwa wanawake nchini, wodi za Taasisi ya Saratani ya Ocean Road zinawajua vizuri waliochelewa, na mabadiliko yanayoitangulia huonekana kwa kupaka siki na kutazama, kazi ya dakika chache. Chanjo ya virusi vinavyoisababisha ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwenye binti aulize.

Wapi pa kwenda? Kwa anayefanya kazi Kariakoo, Hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa miguu. Amana, hospitali ya rufaa ya mkoa, iko Ilala. Muhimbili iko Upanga, kwa mwendokasi unashuka Fire, ila mara nyingi utahitaji rufaa. Zipo pia zahanati binafsi kila mtaa, na ubora wake haulingani. Chagua yenye maabara na tabibu anayekusikiliza, kuliko yenye kiyoyozi. Ukihofia kuonwa na jirani, kumbuka kwamba benchi la wagonjwa wa nje halina bango la ugonjwa. Aliyekuona anajua tu kwamba unaumwa, na yeye pia anaumwa. Wengine wa Kariakoo hupendelea kwenda Temeke au Kinondoni wasikojulikana. Hakuna ubaya, mradi uweze kurudi.

Mapokezi ndipo siri nyingi zinapomwagika, kwa sababu karani anauliza "unaumwa nini?" mbele ya foleni. Huna deni la kumjibu yote. Sema, "Nitamweleza daktari." Chumbani, kama mlango uko wazi au kuna mgonjwa wa pili mezani, omba ufungwe, omba msubiri atoke. Hospitali za kufundishia utakuta wanafunzi watano wamesimama ukutani; una haki ya kuomba watoke, na ombi hilo halikunyimi tiba. Kwa upande wa VVU, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza mtoa huduma kutangaza majibu yako, na marekebisho ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe na yakamwezesha kijana wa miaka 15 kupima bila idhini ya mzazi. Kupima VVU na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali. Ukijipima nyumbani ukakuta alama ya maambukizi, nenda kituoni ukathibitishe kabla hujamwambia mtu au kujihukumu.

Itatokea ukutane na mtoa huduma anayehubiri. "Mtoto wa kike kama wewe, umeyatoa wapi haya?" Usimjibu kwa hasira na usikimbie bila tiba. Mwambie, "Nimekuja nitibiwe, naomba unitibu." Akiendelea, uliza ofisi ya mganga mfawidhi wa kituo, au dawati la huduma kwa wateja. Malalamiko yaliyopelekwa kwa utulivu, yenye siku na saa, husikilizwa kuliko tunavyodhani. Kisha tafuta mwingine. Mhudumu mmoja mwenye ulimi mkali asiwe sababu ya kurudi kwenye unga wa barabarani.

Mambo mawili hayangoji miadi. Kama umebakwa, au kondomu imepasuka na mwenzako ana VVU au hali yake huijui, dawa za kuzuia maambukizi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Zinamezwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo hufanya kazi ndani ya siku tano, na mapema ni bora zaidi. Amana wana kituo cha Mkono kwa Mkono kwa waliofanyiwa ukatili, ambako tiba, ushauri na polisi vinapatikana pamoja. Fomu ya polisi, PF3, ina umuhimu wake, lakini usiache saa ziishe ukiwa kwenye benchi la polisi. Omba dawa kwanza. Na sentensi yako iwe fupi: "Nimebakwa jana usiku, naomba dawa za kuzuia."

Kabla hujainuka kwenye kiti, uliza: nimeonekana na nini, dawa hii inatibu nini, mwenzangu naye anahitaji dawa, na nirudi lini? La mwenza ndilo gumu kuliko yote. Ukitibiwa peke yako, atakurudishia ugonjwa wiki ijayo. Unaweza kumwambia bila kumshtaki: "Nimepima, nimekutwa na maambukizi, daktari kasema wote tutibiwe ili yasirudi." Usianze na nani kamletea nani, maana klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi kimya, na hata daktari hawezi kukuambia ilianzia kwa nani. Vituo vingine hutoa karatasi ya kumwita mwenza, isiyotaja jina la ugonjwa, iombe. Mwenye mume anayepiga asiseme nyumbani kabla hajamweleza daktari au afisa ustawi wa jamii kwamba ana hofu hiyo, ili watafute njia salama pamoja. Hadi wote wawili mmalize dawa, na siku saba zipite, msikutane.

Kipimo cha VVU kilichofanyika siku chache baada ya tukio kinaweza kuonyesha huna wakati unao, kwa hiyo utapangiwa tarehe ya kurudia. Iandike kwenye simu pale pale mezani, na kama ni siku ya mzigo kuingia, mwombe daktari aisogeze mbele au nyuma kwa siku mbili ukiwa bado umekaa naye.